Majarida ya barua pepe ya wateja: kipya kipi cha kulipia, kipi cha kupita nacho mbali

Mleta mada, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Kwa waliochelewa: ndugu yetu yuko Dar, anatengeneza majarida ya barua pepe ya wateja watano (hoteli moja Zanzibar, kampuni mbili za utalii, shule, na duka la vifaa vya sola), na wote amewaweka kwenye akaunti moja ya bure. Sasa programu yake inamtangazia mambo mapya: akili mnemba ya kuandika, kupanga saa ya kutuma, akaunti ndogo kwa kila mteja, kiungo cha mteja kuidhinisha, ripoti za kisasa. Ili ayapate yote inabidi apande kifurushi, na kifurushi chenyewe kinameza faida ya mteja mmoja mzima. Anauliza alipie, ahame, au aachane na mambo hayo. Wengi mmemjibu kwamba barua pepe imekufa, atumie WhatsApp.

Nianze na hilo la kufa. Kwa duka la sola nakubaliana nanyi. Mtu wa Tegeta anayetafuta betri hasomi jarida, anataka picha, bei na namba ya kupiga. Huyo mpelekee WhatsApp na umwache apumzike. Lakini mgeni aliyetoka Munich mwaka 2019, akalala siku nne Serengeti na kurudi kwao, hapendi kampuni ya utalii imwingilie kwenye simu. Anwani yake ni ile ile aliyowekea nafasi, anaifungua kila siku, na siku akitaka kurudi na wazazi wake ndipo anapotafuta jina lako humo. Mteja wangu mmoja alipata kundi la watu kumi na mmoja kwa jarida la mistari kumi na mbili kuhusu nyumbu kuzaa kule Ndutu. Mistari kumi na mbili na picha moja.

Mimi nipo Arusha, kazi hii naifanya tangu 2016. Leo nina wateja tisa, sita ni wa utalii. Nimelipia vitufe vya kijinga na nimekataa kulipia vya maana, kwa hiyo ninachoandika hapa kimenigharimu.

Mwaka 2018 nilikuwa kama wewe, kila mteja ndani ya akaunti moja. Nilijiona mjanja sana. Kisha mteja wa nne, muuza vifaa vya ofisi, akaniletea faili la Excel lenye anwani kama 8,000. Nikamuuliza zimetoka wapi. "Ni za kwetu hizo, kaka, we tuma." Nikatuma Alhamisi mchana. Nilikuja kuliangalia lile faili vizuri wakati moto umeshawaka: limejaa info@ na ofisi@, anwani za idara za serikali, nyingine zimejirudia mara tatu. Zilikuwa za kuokoteza kwenye tovuti na vitabu vya maonyesho.

Ijumaa saa nne asubuhi nafungua akaunti, nakuta mstari mwekundu juu: akaunti imesimamishwa, tunachunguza. Akaunti nzima, wateja wote wanne. Na Ijumaa hiyo hiyo lodge moja ilikuwa inasubiri ofa yake ya masika itoke, ile ya kupunguza bei Aprili na Mei wakati vyumba vinalala tupu. Nikampigia mwenye lodge.

"Mama, shikamoo. Kuna tatizo kidogo la mfumo, jarida litachelewa."

"Marahaba. Mfumo wa nani? Wangu au wako?"

Sikuwa na jibu. Siku nane zikapita kabla hawajaifungua, na ilifunguliwa baada ya mimi kuandika maelezo marefu na kuifuta ile orodha yote. Programu siitaji, na kwa kweli haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kuwalaza watu wanne kitanda kimoja wakati mmoja wao ana kikohozi.

Kwa hiyo katika tangazo lako lote, kitu cha kwanza ambacho ningekitolea hela bila kuuma meno ni hicho cha akaunti ndogo. Majina hutofautiana kutoka programu hadi programu, ila maana ni moja: unaingia kwa nywila moja, unakuta wateja wako wamepangwa kila mtu na chumba chake. Orodha yake, domeni yake (jina lake la mtandaoni, lile linalokaa baada ya @), violezo vyake, watu wake waliojiondoa, ripoti zake. Mmoja akichafuka, unamfungia mlango yeye. Angalia jambo moja lakini kabla hujalipa. Kuna programu zinazoita "akaunti ndogo" kitu ambacho ni folda tu, orodha zote bado ziko chungu kimoja na adhabu inawapata wote. Waulize watu wa huduma kwa maandishi: akaunti ndogo moja ikisimamishwa, nyingine zinaendelea kutuma? Jibu likizungukazunguka, ujue ni folda.

Campaign Monitor ya Australia ilianza 2004 ikiwalenga hasa wabunifu wanaotuma majarida kwa niaba ya wateja wao, na mpaka leo unaweza kuweka nembo yako na kumtoza mteja bei yako mwenyewe juu ya bei yao. Sendy nayo ina vyumba vya wateja, unaiweka kwenye seva yako na kutuma kupitia Amazon SES, huduma ya Amazon ya kutuma barua pepe. Nyingine nyingi kubwa zimeongeza kitu cha aina hii kwenye vifurushi vya juu. Sikutangazii yeyote, nakuonyesha tu kwamba si jambo la ajabu na huna sababu ya kulinunua kwa bei ya dhahabu.

Sasa domeni, ambayo ndiyo nitakaa nayo kidogo, kwa sababu hapa ndipo wenzetu wengi wanaangukia.

Gmail na Yahoo walitangaza Oktoba 2023 masharti mapya kwa wanaotuma barua nyingi, yakaanza kufanya kazi Februari 2024. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF (orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni), DKIM (saini ya barua) na DMARC (maelekezo ya barua isiyopita ukaguzi huo ifanyweje) kwenye domeni yake, aweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, amwondoe aliyeomba ndani ya siku mbili, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Outlook ya Microsoft nayo ikafuata Mei 2025 kwa kiwango kile kile cha 5,000. Utasema wateja wako hawana hata watu elfu mbili. Sawa, ila hata mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM, na ukweli wa mtaani ni kwamba barua isiyo na saini inaishia kwenye spamu hata wakiwa watu mia.

La haraka zaidi: kama kuna mteja wako anayetuma kwa anwani ya jina-la-hoteli@gmail.com kupitia programu ya majarida, mwondoe huko wiki hii. Gmail walisema wazi kwenye masharti hayo hayo kwamba hawataki mtu mwingine atume kwa kujifanya ni @gmail.com. Programu nyingi siku hizi hukubadilishia anwani kimyakimya na kuweka yao, mgeni anaona jina asilolijua, anaipeleka takatakani. Domeni ya .co.tz ni gharama ndogo kwa mwaka kuliko chakula cha mchana cha mteja wako na mgeni mmoja. Anunue kwa mmoja wa wasajili wanaotambuliwa rasmi, na asajili kwa jina la kampuni yake, asikubali jina la fundi.

Hili la jina la fundi nalisema kwa uchungu. Mteja mmoja wa Moshi, kampuni ya kupandisha watu Kilimanjaro, tulikaa wiki tatu bila kuweka rekodi za DNS (daftari la mipangilio ya domeni) kwa sababu kijana aliyewatengenezea tovuti alihamia Mwanza na nywila zote, simu anapokea siku anayotaka. Alipopatikana akasema "nishaweka, angalia." Nikaangalia. Kweli ameweka. Domeni sasa ilikuwa na rekodi mbili za SPF, mstari wa zamani wa v=spf1 wa barua za ofisi na mstari mpya wa v=spf1 wa programu ya majarida, umekaa chini yake.

Ukiwa na rekodi mbili za SPF ni kama huna hata moja. Seva inayopokea ikikuta mistari miwili inayoanza na v=spf1 inahesabu ni hitilafu na haichagui wowote. Matokeo yake hata barua za kawaida za ofisi, zile za kumjibu mgeni kuhusu buti na kodi ya hifadhi, zikaanza kuingia spamu. Dawa ni mstari mmoja tu, na kila anayeruhusiwa kutuma anaingia humo humo. Kama ofisi inatumia Google, mstari wako ni v=spf1 include:_spf.google.com ~all, basi include ya programu unaichomeka kabla ya ~all, hufungui mstari mwingine. Na usijaze kila kitu humo, SPF ina kikomo cha kuulizia DNS mara kumi. Ukivuka hapo, inakuwa hitilafu tena.

DKIM ni saini. Programu inakupa rekodi moja au mbili za kunakili kwenye DNS, unanakili, unasubiri, inageuka kijani. Hiyo ndiyo inayobeba uzito zaidi siku hizi, maana programu nyingi zinatuma kwa anwani yao ya kurudishia barua zisizofika na SPF inayosomwa inakuwa yao. DMARC anza na p=none (isizuie barua yoyote), uweke anwani ya kupokea ripoti, uangalie miezi miwili mitatu nani anatuma kwa jina la mteja wako. Tulimkuta mtu mmoja asiyejulikana kabisa anatuma kwa jina la lodge. Baada ya hapo ndipo upandishe kwenda quarantine, yaani barua isiyopita ukaguzi iende spamu.

Kipengele kipya cha programu kukagua domeni na kukuonyesha tiki za kijani na mahali palipokosewa kimekuwa cha bure kwenye programu nyingi. Kama yako inakutoza kwa hilo, nashangaa.

Kujiondoa kwa kubofya mara moja. Watu huchanganya na kile kiungo cha chini kabisa cha jarida. Hiki kingine kinakaa kwenye kichwa cha barua, Gmail inakionyesha juu karibu na jina la mtumaji, mtu anabofya na yamekwisha, haulizwi sababu wala hapelekwi kwenye ukurasa wa kubembelezwa. Programu kubwa zote zinakiweka zenyewe. Kazi yako ni kumtuliza mteja. Wangu mmoja alinijia juu: "Sasa wewe unanifukuzia wageni?" Nikamchukulia kikokotoo. Orodha yake ina watu 1,000 wa Gmail. Asilimia 0.3 ni watu watatu. Watatu tu wakibofya spamu kwa hasira kwa sababu hawakuona mlango, umefika pabaya, na Google wenyewe wanashauri ubaki chini ya 0.1, yaani usifikishe hata mmoja. Sasa bora hao watatu watoke kwa amani au wakupige mawe wakiwa ndani? Akanyamaza.

Halafu kuna kiungo cha kuidhinisha. Mimi nilikidharau kwa miaka, nikiona ni mbwembwe za Wazungu. Mteja si yupo WhatsApp? Namtumia picha ya skrini, anajibu "poa", natuma.

Mpaka siku mteja alipoandika: "Iko poa. Tuma kesho saa tatu." Mimi nilikuwa safarini Babati, kijana wa mafunzo ndiye alikuwa kwenye kompyuta. Kijana amesoma shule za Kiingereza tangu chekechea, na akili yake ilikuwa kwenye skrini, na skrini inasema 3:00. Akaweka 3:00. Jarida likatoka saa tisa usiku, saa saba usiku kule Ujerumani, na kwa kuwa mteja alikuwa amepanga kurekebisha bei moja asubuhi kabla ya saa tatu yetu, lilitoka na bei ya mwaka uliopita. Aliamka akakuta wageni wanne wameshaomba nafasi kwa bei hiyo. Akawapa, kwa sababu ni mtu wa heshima, lakini hasara tuligawana.

Tangu hapo hakuna jarida linalotoka kwangu bila kiungo. Mteja anafungua kwenye simu, anaona jarida lenyewe (hata lile la kwenye simu ndogo), anaona limepangwa tarehe ngapi na saa ngapi kwa herufi, anaandika maoni pale pale kwenye aya husika, na kuna kitufe cha kuidhinisha. Asipobofya haliondoki. Ikitokea ubishi, jina lake na saa aliyobofya vipo. Kitu hicho kimepunguza kelele kuliko chochote nilichowahi kulipia. Pia kinaendana na kugawa madaraka: kijana wa mafunzo anaandaa lakini hana kitufe cha kutuma, mteja anasoma na kuidhinisha lakini hawezi kufuta orodha, wewe peke yako ndiye una funguo zote. Kama programu yako inampa kila anayeingia mamlaka yote, hata iwe nzuri vipi, ni ya mtu mmoja anayefanya kazi peke yake.

Katika jambo hilo hilo, kufunga violezo. Unaruhusu mteja abadilishe maneno na picha, rangi na vichwa vinabaki vilivyo. Mwenye lodge niliyemtaja juu anapenda sana maandishi ya zambarau. Sasa hayapati.

Kutuma kwa saa ya mpokeaji: inategemea nani anapokea. Kwa zile kampuni zako mbili za utalii, ndiyo. Mgeni wa California yuko saa kumi na moja nyuma yetu majira ya baridi yao, ukituma asubuhi ya Dar yeye ndiyo anazima taa. Ila programu nyingi zinataka upange siku nzima kabla, kwa hiyo jarida la dharura halifai. Kwa shule ni upuuzi, wazazi wote wako kwenye saa ile ile na wewe. Kuhusu ile nyingine, inayodai kujua kila mtu hufungua barua saa ngapi, inahitaji historia ndefu ya kila mpokeaji. Mtu anayepokea majarida sita kwa mwaka hana historia ya kukisia chochote.

Akili mnemba ya kuandika. Kwa Kiingereza inakupa pa kuanzia, hasa kichwa cha barua (ule mstari wa mada), ukiomba vichwa kumi unaweza kupata kimoja cha kurekebisha. Kwa Kiswahili niliijaribu kwenye jarida la shule, ikawaandikia wazazi "jiandaeni kwa safari ya kusisimua ya elimu." Mzazi anataka kujua ada mwisho lini na basi linapita wapi. Lakini Kiswahili kibovu utakiona na kukirekebisha. Hatari iko kwenye uongo mtamu. Nilipoiomba jarida la Februari la mteja wa safari, ikaandika aya nzuri kabisa ya nyumbu wanavyovuka mto Mara huku mamba wakisubiri. Februari! Nyumbu Februari wako kusini, Ndutu, wanazaa. Kuvuka Mara ni mambo ya Julai, Agosti, Septemba. Mgeni aliyeshafika huku akisoma aya ile anajua kampuni hii haijui hata wanyama wake wako wapi. Usilipie kupanda kifurushi kwa ajili ya hilo tu.

Kujaribu vichwa viwili, nusu hiki nusu kile: orodha ya watu mia tisa ukiigawa, unawapa hiki watu mia nne na hamsini na kile mia nne na hamsini, kimoja kikizidi kingine kwa watu wanne unashangilia. Ni bahati nasibu hiyo. Ukifikisha maelfu kadhaa njoo tuongee tena.

Ripoti. Mteja wako akikuuliza wangapi wamefungua, mweleze mapema kwamba namba hiyo imeharibika tangu Septemba 2021, Apple walipotoa iOS 15 yenye kinga ya faragha kwenye barua. Programu hujua barua imefunguliwa kwa kuangalia kama kapicha kadogo kasikoonekana kamepakuliwa, na sasa Apple wanakapakua wenyewe hata mtu hajaigusa barua. Orodha zangu za utalii zina Wamarekani wengi wenye iPhone, namba zikapaa ndani ya miezi michache na wateja wakanipongeza. Nikawaambia ukweli, mmoja akasikitika kabisa. Mibofyo nayo si salama sana, kampuni kubwa zina mitambo ya ulinzi inayobofya kila kiungo kabla barua haijamfikia mwenyewe. Ukiona mtu mmoja amebofya viungo vyote saba ndani ya sekunde mbili, pamoja na cha kujiondoa, huyo si binadamu. Programu nzuri sasa zinakuruhusu kuondoa ufunguaji wa Apple na mibofyo ya mitambo kwenye hesabu, na hicho ni kipya cha maana, washa leo. Mimi namba ninayoiweka juu kabisa ya ripoti ni wangapi walijibu jarida na wangapi waliomba bei. Hiyo ya pili naihesabu kwa mkono na mtu wa nafasi wa mteja, kila mwisho wa mwezi, kwa simu.

Jambo dogo la kiufundi: Gmail hukata barua inayozidi KB 102, chini inabaki kiungo cha kuona iliyobaki. Mteja akinakili kutoka Word na kubandika, uchafu wa Word unajaza hiyo nafasi na sehemu ya chini, yenye kujiondoa, inapotea machoni. Bandika maandishi matupu.

Bei. Hapa ndipo ningekuomba ukae na kalamu. Programu nyingine zinatoza kwa idadi ya watu ulionao, nyingine kwa idadi ya barua ulizotuma. Chukua mfano wa kampuni ya utalii yenye watu 4,000 na majarida sita kwa mwaka: inatuma barua 24,000 kwa mwaka, wastani wa 2,000 kwa mwezi. Ukiilipia kwa watu, unalipia watu 4,000 kila mwezi hata miezi ambayo hujatuma chochote. Huyo muweke kwenye ya kulipia barua. Brevo (zamani Sendinblue, walibadili jina 2023) inatoza hivyo, na kifurushi chake cha bure kinaruhusu barua 300 kwa siku. Shule inayotuma kila wiki kwa wazazi 600 ni kinyume chake, ilipie kwa watu. Na soma maandishi madogo, kuna zinazokuhesabia hata waliojiondoa mpaka uwahamishe kwenye hifadhi kwa mkono.

Ukiwa na mtu anayejua seva, Amazon SES inatoza senti kumi za dola kwa barua 1,000. Barua zile 24,000 ni dola 2.40 kwa mwaka mzima. Juu yake unaweka Sendy, inayolipiwa mara moja tu, au listmonk ambayo ni ya bure kabisa. Nilijaribu kwa mteja mmoja na inafanya kazi, lakini kila kitu kikikwama saa mbili usiku fundi ni wewe. Usiwaingize wote watano huko kwa mkupuo.

Malipo yenyewe ni kwa kadi na kwa dola, na kadi ikigoma au muda wake ukiisha, kutuma kunasimama siku hiyo hiyo. Mtoze mteja mwaka mzima mbele, kwa shilingi, ukiwa umeacha nafasi ya dola kupanda. Na andikeni kwenye mkataba kwamba orodha ni mali ya mteja, siku mkiachana unampa faili ndani ya siku kadhaa. Nimeshagombana na mtu kwa jambo hilo, na mimi ndiye nilikuwa upande usio sahihi.

Sheria nayo ipo, msijifanye hamjui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Mteja wako ndiye mkusanyaji, wewe ni mchakataji, na wote wawili mnahusika. Wakenya wana yao ya 2019. Wageni wa Ulaya wanalindwa na GDPR, sheria yao ya taarifa binafsi, tangu Mei 2018, na kampuni inayowauzia safari watu walioko kule haiwezi kusema haiihusu. Kwa hiyo programu inayotunza tarehe na mahali mtu alipojiandikisha, na kumtumia barua ya kuthibitisha, inakupa ushahidi. Ile hoteli ya Zanzibar nadhani ina kitabu cha wageni pale mapokezi. Mimi niliwahi kukaa jioni tatu nikinakili kitabu kama hicho, sijui hii ni n au r, hii ni gmail au gmial, na barua nyingi zikadunda. Wawekee karatasi yenye msimbo wa QR mezani wakati mgeni anasubiri teksi ya uwanja wa ndege, ajaze mwenyewe kwa simu yake. Anwani anayoiandika mwenyewe haidundi.

Kwa hali yako: usilipie kifurushi cha juu mwezi huu. Toa kwanza duka la sola, lipeleke WhatsApp. Wanne waliobaki wafungulie kila mmoja akaunti yake kwa jina na anwani ya kampuni yake, wewe ujialike kama msimamizi, kwa kuwa bado wanatosha kwenye vifurushi vidogo. Hoteli na zile kampuni mbili ziweke kwenye ya kulipia barua. Weka DKIM na DMARC kwa wote kabla hujatuma tena hata jarida moja. Ukifika wateja wanane hivi, kuingia na kutoka akaunti hadi akaunti kutakuchosha, hapo ndipo akaunti ndogo na kiungo cha kuidhinisha vinarudisha hela yake. Kwa sasa kuidhinisha fanya kwa barua pepe, na saa muandike zote mbili: saa tatu asubuhi, 9:00.

Ukikwama kwenye SPF, nakili mstari wako uuweke hapa chini nikuangalizie, hakuna siri ndani yake. Nywila za DNS usiweke, kuna mtu aliwahi kuweka.